Dampo linapoitwa la kisasa

Muulize mkazi wa Dar es Salaam taka zake zinaishia wapi, atakujibu dampo. Wa Unguja atasema jaa, na wa Mombasa vilevile. Jalala, kwa wengi wetu wa bara, ni lile rundo la mtaani linalosubiri gari la halmashauri. Kile kiukuta cha matofali kilichojengwa pembeni ya soko ili rundo lisitambae hadi barabarani ndicho kizimba, au ghuba ukiwa kwingineko. Kila neno lina mahali pake na watu hawagombani. Mkanganyiko umeletwa na mkia ambao dampo limeota miaka ya karibuni: "la kisasa".

Mkia huo utausikia kwenye hotuba za uzinduzi na kwenye taarifa za utekelezaji wa miradi, na utausoma kwenye mabango yenye picha za nyasi na maua. Shida ni kwamba unabandikwa kwenye vitu viwili visivyo na undugu. Kimoja ni shimo lililochimbwa na kijiko, likazungushiwa seng'enge na kuwekewa geti na mlinzi. Kingine ni kazi ya kihandisi yenye sakafu ya tabaka kadhaa, mabomba, mabwawa na mitambo, ambayo sehemu kubwa ya gharama yake imefukiwa mahali ambapo mgeni rasmi hawezi kukata utepe. Anayeishi mita mia tatu kutoka hapo hana njia ya kujua amejengewa kipi, mpaka masika yamwambie.

Tuanze na hayo masika, kwa sababu dampo ni suala la maji kabla halijawa suala la taka. Zaidi ya nusu ya uzito wa taka za miji yetu ni mabaki ya chakula na mazao: maganda ya ndizi, machicha ya nazi, majani ya kabichi, matunda yaliyooza sokoni. Vitu hivyo vina maji yake tayari. Mvua ikinyesha juu yake, maji yanapita ndani ya lundo kama yanavyopita kwenye nazi iliyokunwa: yanaingia safi, yanatoka yamebeba kila kilichokuwemo. Yanabeba asidi za uozo na amonia, yanabeba risasi ya betri na rangi za kiwandani, na dawa zilizokwisha muda ambazo mtu alizitupa pamoja na maganda ya viazi. Yanatokea chini ya lundo yakiwa meusi au ya rangi ya kahawia, yana povu na harufu ya kuchoma pua, kisha yanafuata mteremko. Mteremko una kawaida ya kuishia kwenye mto au kisima.

Dampo la kawaida halina kitu kati ya maji hayo na ardhi. Dandora, upande wa mashariki wa Nairobi, ni mfano unaojulikana dunia nzima. Lilianza mwaka 1975 kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, karibu kabisa na Mto Nairobi. Kutupa taka kwenye machimbo lilionekana jambo la busara wakati ule: shimo lipo, halina kazi, lijazwe. Hakuna aliyetandika kitu chini. Mwaka 2001 likatangazwa limejaa, na magari hayakuacha kuja. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi hapo hapo, lilitoa matokeo ya uchunguzi uliohusisha watoto 328 wanaoishi na kusoma jirani na dampo hilo. Nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kwa kiwango kilichofikia au kuvuka kile kilichokubalika kimataifa. Risasi haina dalili za haraka. Hudumaza akili ya mtoto polepole, na mzazi hudhani mwanawe hapendi shule.

Wazo la kuzika taka badala ya kuzimwaga tu lina umri wa miaka mia hivi. Mhandisi Jean Vincenz, aliyesimamia kazi za manispaa ya Fresno katika jimbo la California, alilipa sura yake mwaka 1937: chimba mtaro, mwaga taka, zishindilie kwa mashine, na kabla jua halijazama zifunike kwa udongo uliochimba jana yake. Mambo hayo mawili, kushindilia na kufunika kila siku, ndiyo uti wa mgongo wa dampo lolote linalostahili sifa hadi leo. Panya wanakosa makazi, nzi hawazaliani, karatasi hazipeperuki, moto hausambai. Lakini Vincenz naye hakutandika kitu chini. Enzi zake hapakuwa na aliyewaza hivyo. Ndiyo maana mwaka 2001 serikali ya Marekani ililiweka dampo la Fresno kwenye orodha ya maeneo ya kumbukumbu ya taifa, wakati jina hilo hilo lilikuwa tayari limekaa miaka kadhaa kwenye orodha ya serikali hiyo hiyo ya maeneo yaliyochafuliwa vibaya, kwa sababu ya gesi na maji yaliyoharibika chini yake. Sijui mfano mwingine wa mahali palipostahili kweli orodha zote mbili.

Somo hilo ndilo lililozaa sakafu. Sakafu ya dampo la leo huanza na udongo wa mfinyanzi, unene wa kama sentimita 60, ulioloweshwa kiasi na kushindiliwa mpaka maji yakashindwa kupenya. Juu ya mfinyanzi hutandikwa karatasi nzito ya plastiki nyeusi, milimita moja na nusu hadi mbili. Juu yake kitambaa kigumu cha kuilinda, kisha kokoto, na ndani ya kokoto mabomba yenye matundu yanayokusanya maji ya taka na kuyapeleka kwenye mabwawa ya kuyasafisha. Sakafu nzima ina mteremko. Ikijengwa bapa, maji yatasimama juu ya plastiki, na maji yaliyosimama hulitafuta tundu moja mpaka yalipate.

Plastiki hiyo huja kwa marobota mapana na lazima vipande viunganishwe. Hapo ndipo dampo linapofaulu au kufeli, na ni jambo la nusu saa kwa mtu anayetaka kulishuhudia. Fundi anapitisha mashine yenye kabari ya moto kati ya kingo mbili zilizolaliana. Mashine inayeyusha na kubana mistari miwili sambamba, na katikati ya mistari hiyo inaacha mfereji mwembamba wa hewa. Kiungo kikipoa, miisho yote miwili ya mfereji inabanwa, sindano inachomekwa upande mmoja, na hewa inapampiwa mpaka mshale wa geji usimame kwenye shinikizo lililopangwa. Kisha watu wanasubiri dakika 5 wakiutazama. Ukishuka kupita kiasi, kuna tundu. Usiposhuka, kazi bado haijaisha: fundi anakwenda upande wa pili kabisa, pengine mita hamsini kutoka pale, na kukata mwisho wa mfereji kwa kisu. Hapo mshale unatakiwa kuanguka hadi sifuri papo hapo. Usipoanguka, maana yake mfereji umeziba mahali fulani katikati na mlikuwa mnapima nusu ya kiungo mkidhani mnapima kizima.

Kila kiungo huandikiwa karatasi yake: namba, tarehe, shinikizo la kuanzia, shinikizo la kumalizia, sahihi. Dampo la ukubwa wa kawaida lina mamia ya karatasi hizo. Diwani akitaka kujua kama halmashauri yake imejengewa dampo au shimo, aombe lile faili. Lisipopatikana, mengine yote ni rangi tu.

Hata hivyo sakafu nzuri inaweza kuharibiwa wiki ya kwanza. Tabaka la chini kabisa la taka linatakiwa liwe laini, liwe limechambuliwa, lisiwe na nondo wala mabati wala vipande vya zege, na mashine nzito isikanyage plastiki moja kwa moja. Dereva wa katapila ambaye hakuelezwa hayo anaweza kuitoboa kazi ya mwaka mzima kwa adhuhuri moja.

Tanzania imejaribu njia hii. Kwa fedha za mradi wa miji ya kimkakati uliodhaminiwa na Benki ya Dunia, madampo yenye sakafu yalijengwa katika miji kadhaa, yakiwemo Chidaya kule Dodoma, Buhongwa jijini Mwanza na Muriet jijini Arusha. Dar es Salaam, yenye taka nyingi kuliko zote, imepitia njia nyingine, na njia hiyo imeandikwa mahakamani. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa moshi na uvundo wa dampo lililokuwa mtaani kwao, wakashinda. Halmashauri ikarudi mahakamani kuomba iongezewe muda wa kuendelea kumwaga pale pale. Jaji Lugakingira alishangaa waziwazi: hakuwahi kusikia mamlaka ya umma ikienda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Taka zikaelekezwa Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 wakazi wa huko nao, mmoja na wenzake 749, wakaenda mahakamani na kushinda. Zikahamia Vingunguti kwenye bonde la Msimbazi, kisha Mtoni karibu na Mto Kizinga, kisha Pugu Kinyamwezi.

Wanasheria huzisoma kesi hizo kama ushindi wa haki ya kuishi, na ni kweli. Mimi nikiziangalia kwa jicho la uhandisi naona jambo lingine: kila mara mahakama ilipofunga mlango mmoja, jiji lilikwenda kutafuta kiwanja, halikwenda kutafuta sakafu. Mabonde yalichaguliwa kwa kuwa hayajengeki, ilhali bonde ndiyo njia ya maji.

Sasa tuje Kiteezi, maana hapa ndipo mkia wa "la kisasa" unapokatika. Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, halikuwa shimo la kienyeji. Lilifunguliwa mwaka 1996 kwa msaada wa Benki ya Dunia likiwa na usanifu wa kihandisi na mtambo wa kusafisha maji ya taka. Kwa vigezo vya ukanda huu wakati ule lilikuwa la kupigiwa mfano. Halafu jiji likakua, taka zikazidi makadirio, na dampo lililotakiwa kupumzishwa likaendelea kupandishwa juu mwaka baada ya mwaka, huku ardhi iliyonunuliwa Mukono kwa ajili ya dampo jipya ikikaa tu. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huo ilikatika na kuteremkia nyumba. Zaidi ya watu 30 walikufa. Mwezi uliofuata Rais Museveni alimfuta kazi mkurugenzi mtendaji wa mamlaka ya jiji.

Waliozoea kutazama maporomoko ya udongo hudhani taka huporomoka kwa sababu hiyo hiyo. Zinafanana, ila taka zina vituko vyake. Udongo una msuguano wa chembe kwa chembe. Lundo la taka limeshikiliwa kwa kiasi kikubwa na vitambaa, mifuko na plastiki zilizosukana. Vinavyooza katikati yake vinaacha mianya. Maji yanajaa kwenye mianya hiyo na kusukuma kutoka ndani, gesi nayo inasukuma, na pale ambapo moto umekuwa ukifuka chinichini kuna mapango yasiyoonekana. Mteremko unaotakiwa uwe mpole, mita moja kwenda juu kwa kila mita tatu za kwenda mbele, unakuta umesimama kama ukuta kwa sababu eneo limekwisha na dereva hana pa kwenda isipokuwa juu. Mlima wa taka wa Koshe, Addis Ababa, ulianguka Machi 2017 na kuua zaidi ya watu 110, wengi wao wakiwa na vibanda juu au chini ya lundo lenyewe. Ule wa Hulene, Maputo, ulianguka Februari 2018 usiku wa mvua kubwa ukaua watu wasiopungua 16. Katika miji hii mitatu hakuna aliyeweza kusema hakuona mlima ukipanda.

Gesi inastahili aya yake. Taka zikishafunikwa na hewa kukatika, vijidudu vinavyoishi bila oksijeni huchukua kazi ya kuozesha, na mazao yao ni methani na kaboni dayoksaidi, takriban nusu kwa nusu. Methani ndiyo inayowaka kwenye jiko la mtambo wa samadi. Ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha kati ya asilimia 5 na 15, cheche moja inatosha kulipua. Inaweza pia kusafiri chini ya ardhi. Mwaka 1986, katika kijiji cha Loscoe nchini Uingereza, nyumba ililipuka alfajiri kwa sababu gesi ya dampo la jirani lililokuwa limeshafungwa na kufunikwa ilipenya kwenye nyufa za mwamba hadi chini ya sakafu ya watu. Kufunika bila kuweka mabomba ya kutolea gesi ni kuifundisha gesi kutafuta njia nyingine. Na hata isipolipuka inapasha joto anga: kwa kipindi cha miaka 100, tani moja ya methani ina nguvu ya tani 28 hivi za kaboni dayoksaidi.

Ndiyo sababu lile dampo la Mtoni liliingia kwenye vitabu vya kimataifa mwaka 2007, likiwa mradi wa kwanza wa Tanzania kusajiliwa chini ya mpango wa biashara ya kaboni wa Itifaki ya Kyoto, kwa lengo la kuvuna gesi, kuichoma na kuzalisha umeme. Msomaji atambue kichekesho chake: gesi ilivunwa kwenye dampo ambalo halikuwahi kuwa na sakafu. Mabomba ya gesi yanaweza kuongezwa baadaye. Sakafu haiongezwi, haiwezekani kuinua mlima ili utandike mkeka.

Basi miji isiyo na mabilioni ifanyeje? Jibu ninalolipenda linatoka Japani. Miaka ya 1970 Profesa Masataka Hanashima wa Chuo Kikuu cha Fukuoka, kwa kushirikiana na jiji hilo, alisanifu dampo linalopumua. Chini yake hulazwa mabomba makubwa yenye matundu ndani ya mawe, na mdomo wa bomba kuu huachwa wazi hewani. Taka zikioza hutoa joto, joto hupanda, na linapopanda linavuta hewa baridi kuingia kupitia mabomba yale yale ambayo maji yanatokea. Hakuna feni wala umeme. Maji hayatuami, uozo unakwenda haraka, na methani inapungua kwa kuwa oksijeni ipo. Mahali ambapo mabomba ni ghali, mianzi na mapipa ya mafuta yaliyotobolewa vimetumika. Kenya wameijaribu njia hii Kang'oki, karibu na Thika, kwa msaada wa Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa. Addis Ababa waliitumia Koshe baada ya maafa. Haiondoi haja ya udongo wa mfinyanzi chini, lakini inasamehe makosa mengi.

Kuna kundi ambalo michoro ya wahandisi huwa inalisahau: waokotaji. Wengi tunawajua kwa majina ya kejeli, chokoraa na mengineyo, lakini kwenye madampo yetu hao ndio kiwanda pekee cha kuchambua taka kinachofanya kazi kila siku. Wanatoa chupa, chuma chakavu na maboksi, na kila kilo wanayoitoa ni nafasi ambayo dampo halitaijaza. Dampo lenye uzio na geti likianza, siku ya kwanza wao ndio wanaofukuzwa, na baada ya miezi mhandisi anashangaa kuona shimo lake la miaka 15 linajaa kwa kasi. Sehemu ya kuchambulia yenye paa, maji ya kunawa na glavu ingegharimu kidogo sana ukilinganisha na plastiki ya sakafu.

Kinachoua madampo yetu, kwa uzoefu wa fani hii, si ujenzi. Ni dizeli. Katapila linalotakiwa kupita mara tatu hadi tano juu ya kila tabaka na kumalizia siku kwa udongo wa sentimita 15 lina njaa ya mafuta kila siku ya Mungu, na fungu lake liko kwenye matumizi ya kawaida ya halmashauri, lile linalokatwa kwanza mapato yakishuka. Mfadhili hulipa zege. Dizeli ni yenu. Wiki mbili bila udongo wa kufunika, nzi wanarudi. Miezi miwili, moshi. Masika moja bila pampu ya bwawa la maji machafu, na bwawa linafurikia mashamba. Jina kwenye bango linabaki vilevile.

Halafu kuna miaka ya baada ya kufunga, ambayo kwetu haimo kabisa kwenye hesabu. Sheria za Marekani humtaka mwenye dampo aendelee kulitunza kwa miaka 30 baada ya gari la mwisho: kupima visima vya kuzunguka, kunyonya gesi, kuziba nyufa za kifuniko, kusafisha maji yanayoendelea kutoka. Fedha hizo lazima zitengwe dampo likiwa bado linaingiza mapato, kwa kila tani inayopita kwenye mizani. Mombasa ilifunga jaa la Kibarani mwaka 2018, pale unapoingia kisiwani kwa njia ya Makupa, na kupanda miti. Aliyewahi kupita pale amebana pua hawezi kubeza mabadiliko hayo. Ila chini ya miti kuna taka za miaka mingi zisizo na sakafu, na ukingo wake ni bahari. Bustani ya namna hiyo inahitaji mtunza maua, na inahitaji pia mtu wa kuchota maji ya visima vya uchunguzi kila baada ya miezi mitatu na kuyapeleka maabara, mwaka baada ya mwaka, hadi karibu mwaka 2050. Kazi hiyo ina mshahara, na mshahara huo unatakiwa uwe na fungu lake kwenye bajeti.